Eliot Ness: Kachero aliyeanza kuyavunja magenge ndani ya kituo cha polisi

WATU wengi wanapolisikia jina la Eliot Ness hukumbuka filamu: kachero mwenye kofia na koti refu, bunduki mkononi, akivunja mlango wa kiwanda cha bia haramu mjini Chicago, Marekani. Picha hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ni nusu tu ya ukweli.

Kazi iliyowafaa zaidi wakazi wa mjini Ness aliifanya miaka kadhaa baadaye katika jiji la Cleveland, jimbo la Ohio. Huko hakupambana na mhalifu mmoja mwenye jina kubwa. Aliwang'oa polisi waliokula hongo, akafungua chuo cha kuwafunza makurutu, kisha akageukia wavulana wa mitaani waliokuwa wakikusanyika katika magenge.

Alizaliwa zaidi ya karne moja iliyopita, lakini maisha yake bado yanagusa swali ambalo halijaacha kuwasumbua viongozi wa majiji makubwa: je, genge huvunjwa kwa bunduki, kwa sheria, au kwa kuwaondolea vijana sababu ya kujiunga nalo? Ness alijaribu njia zote tatu. Alifaulu pakubwa, na akakosea pakubwa pia.

Mwana wa mwoka mikate

Ness alizaliwa Aprili 19, 1903, kusini mwa Chicago. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto watano. Wazazi wake, Peter na Emma, walikuwa wahamiaji kutoka Norway waliojikimu kwa kuoka na kuuza mikate. Hawakuwa matajiri, lakini hawakulala njaa, na kijana wao alikua akipenda vitabu kuliko ugomvi wa mtaani.

Alisomea biashara na uchumi katika Chuo Kikuu cha Chicago, akahitimu mwaka wa 1925. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya kuchunguza rekodi za watu waliotaka mikopo na bima. Ilikuwa kazi ya kuchosha, lakini ilimfundisha jambo moja ambalo lingemfaa baadaye: kwamba karatasi zinaweza kusema mengi kumhusu mtu kuliko mtu mwenyewe.

Aliyemwingiza katika kazi ya upelelezi ni shemeji yake, Alexander Jamie, aliyekuwa afisa wa serikali kuu. Katikati ya miaka ya 1920, Ness alijiunga na wizara ya fedha, na punde akawa miongoni mwa maafisa waliotekeleza sheria iliyopiga marufuku pombe.

Baadaye alirudi chuoni hapo kusoma masomo ya uhalifu chini ya August Vollmer, mkuu wa polisi wa mji wa Berkeley, California, aliyesifika kote Marekani kwa kuleta mageuzi. Vollmer aliamini kwamba polisi anafaa awe mtu aliyesoma, atumie sayansi katika uchunguzi, na ajishughulishe kuzuia uhalifu badala ya kusubiri utendeke ndipo akamate. Mafunzo hayo hayakumtoka Ness maishani.

Chicago ya Capone

Sheria ya kupiga marufuku pombe ilianza kutekelezwa kote Marekani Januari 17, 1920. Waliotunga sheria hiyo walitarajia kwamba ulevi ungekoma, fujo zipungue na jela zibaki tupu. Mambo yakawa kinyume. Kiu ya wanywaji haikuisha, na biashara iliyokuwa ikilipa kodi ikaangukia mikononi mwa wahalifu.

Magenge ambayo hapo awali yaliishi kwa wizi mdogo, kamari na ukahaba yalijikuta yakimiliki viwanda vya bia, malori na mamia ya vilabu vya siri. Fedha zilipoongezeka, bunduki nazo zikaongezeka. Kila genge lilijigawia mtaa wake, na mpaka kati ya mtaa mmoja na mwingine ulichorwa kwa damu.

Aliyeibuka kinara wa wote Chicago ni Alphonse Capone, maarufu kama Al Capone. Capone hakuzaliwa akiwa mfalme wa uhalifu. Alikuwa mtoto wa wahamiaji maskini kutoka Italia, mzaliwa wa Brooklyn, New York. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14, akalelewa na magenge ya vijana wa mtaani. Aliyemkaribisha Chicago ni Johnny Torrio, aliyemkabidhi usukani baada ya kunusurika kifo alipopigwa risasi mwaka wa 1925.

Mnamo Februari 14, 1929, watu saba waliohusishwa na genge pinzani walisimamishwa ukutani katika gereji moja kaskazini mwa jiji na kumiminiwa risasi. Baadhi ya wauaji walivaa sare za polisi, na ndiyo maana walioshambuliwa waligeuka wakatazama ukuta bila kupigana. Waliona ni msako wa kawaida.

Mbinu hiyo ilifichua ugonjwa wa jiji zima. Mwananchi wa Chicago hakuweza tena kumtofautisha polisi na jambazi, kwa maana wengi wa polisi walikuwa wakipokea mlungula kutoka kwa Capone kila wiki. Misako ilipopangwa, habari ziliwafikia wahalifu kabla ya magari ya polisi kuondoka kituoni.

Kikosi kidogo kisichonunulika

Serikali kuu ilipoamua kwamba Capone lazima aangushwe, kiongozi wa mashtaka wa serikali hiyo mjini Chicago, George Johnson, aliona kwamba tatizo la kwanza lilikuwa kupata watu wa kuaminika. Jukumu la kuongoza kikosi maalumu akampa Ness, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 30.

Ness alipekua faili za maafisa wengi akitafuta wachache wasio na doa. Hakutaka kikosi kikubwa. Alitaka watu wapatao kumi hivi, wenye ujuzi tofauti: wa kuendesha magari kwa kasi, wa kunasa mazungumzo ya simu, wa kumfuatilia mtu siku nzima bila kuonekana.

Kazi yao ilikuwa kukata mshipa wa fedha. Bila mauzo ya bia, Capone asingeweza kuwalipa wapiganaji wake, wala mahakimu, wala polisi. Kikosi kilifuatilia mapipa matupu kutoka vilabuni hadi viwandani, kikasubiri, kisha kikavamia. Ili kuwazuia wahalifu kukimbia wakati milango ikivunjwa, lori lilifungwa chuma kizito mbele na kugeuzwa nyundo ya kubomolea milango ya viwanda.

Kulingana na masimulizi ya Ness mwenyewe, genge la Capone lilijaribu kumnunua kwa dola 2,000 kila wiki, pesa zilizozidi mbali mshahara wake. Alikataa. Alipowasimulia waandishi wa habari kisa hicho, magazeti yalikibandika kikosi chake jina la watu wasioguswa, kwa maana ya watu wasionunulika, na jina hilo likadumu kuliko wote waliolibeba.

Hata hivyo, si misako hiyo iliyomtia Capone kizuizini. Wakati Ness akivunja milango, maafisa wa kodi wakiongozwa na Frank Wilson walikuwa wameinamia madaftari ya hesabu. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua mwaka wa 1927 kwamba hata mapato ya biashara haramu hutozwa kodi. Capone, aliyeishi kifalme, hakuwa akiwasilisha taarifa yoyote ya mapato.

Maafisa hao waligundua daftari la kamari lililokuwa limenaswa katika msako wa miaka ya nyuma na kusahaulika kabatini. Wakalinganisha miandiko, wakamtafuta karani aliyeliandika, naye akakubali kutoa ushahidi. Juni 1931 Capone alishtakiwa kwa kukwepa kodi. Wiki moja baadaye, kutokana na ushahidi wa kikosi cha Ness, alifunguliwa mashtaka mengine ya kula njama ya kuvunja sheria ya pombe.

Kesi iliyosikilizwa ni ya kodi pekee. Siku ya kuanza, Jaji James Wilkerson, akiwa amedokezewa kwamba genge lilikuwa limewafikia waliotarajiwa kuketi katika jopo la kuamua kesi, alibadilishana jopo lake na la jaji mwingine. Oktoba 17, 1931, Capone alipatikana na hatia, na wiki moja baadaye akahukumiwa kifungo cha miaka 11. Za mwizi ni arobaini, na za Capone zilihesabiwa kwa kalamu ya mhasibu.

Mei 1932, Ness alikuwa miongoni mwa maafisa waliomsindikiza Capone hadi kwenye garimoshi lililompeleka jela mjini Atlanta. Mwaka uliofuata, Desemba 5, 1933, marufuku ya pombe iliondolewa. Vita vilivyompa Ness jina vilikuwa vimekwisha.

Usafi nyumbani kwanza

Baada ya Chicago, Ness alitumwa kusaka watengenezaji wa pombe haramu isiyolipiwa kodi katika milima ya Ohio, Kentucky na Tennessee. Kisha, Desemba 1935, Meya Harold Burton wa Cleveland alimwita na kumteua kuwa Mkurugenzi wa Usalama, msimamizi wa polisi na wazima moto wa jiji hilo. Alikuwa na umri wa miaka 32.

Cleveland, kwa sensa ya 1930, ilikuwa na zaidi ya watu 900,000 na ilishika nafasi ya sita kwa ukubwa Marekani. Mdororo wa uchumi ulioanza 1929 ulikuwa umefunga viwanda na kuwaacha maelfu bila ajira. Magenge yalitawala kamari, yalitoza wafanyabiashara ada za kulazimishwa, na baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi waliwatishia wenye maduka kwamba vioo vyao vingevunjwa wasipolipa.

Mkurugenzi mpya hakuanza na magenge. Alianza na polisi.

Kwa miezi kadhaa alizunguka mwenyewe vituoni na mitaani, mara nyingi bila bunduki, akiwahoji watu waliowahi kutoa hongo. Wengi wao walikuwa wauzaji pombe wa zamani waliokamuliwa na maafisa kwa miaka mingi na ambao sasa, marufuku ilipoondolewa, hawakuwa na sababu ya kunyamaza. Oktoba 1936 alimkabidhi kiongozi wa mashtaka, Frank Cullitan, ripoti iliyosheheni ushahidi. Maafisa wa vyeo vya juu walifikishwa mahakamani, wakafungwa. Wengine walijiuzulu kabla ya kufikiwa.

Walioziba nafasi hizo walipitia chuo kipya cha mafunzo ya polisi. Magari ya doria yalifungwa redio za mawasiliano ya pande mbili, ili afisa aliye barabarani aweze kusikia na pia kujibu. Polisi wa miguu walipunguzwa, wa magari wakaongezwa, na simu ya mwananchi ikajibiwa upesi. Idara ya trafiki nayo ilipangwa upya, na Cleveland, iliyokuwa na sifa mbaya ya ajali, ikatunukiwa na Baraza la Kitaifa la Usalama kwa kupunguza vifo barabarani.

Ni baada ya kusafisha nyumba yake ndipo Ness alipowageukia majambazi, na hapo matunda yakaonekana. Mwaka wa 1938 vigogo wawili wa vyama waliokuwa wakiwakamua wenye maduka walihukumiwa kifungo. Mwaka wa 1939, watu 23 waliohusishwa na mchezo haramu wa kubahatisha nambari walishtakiwa, baadhi yao wakakimbia jiji. Mashahidi ambao kwa miaka mingi waliogopa kuzungumza, kwa kujua kwamba siri zao zingefikishwa kwa magenge na polisi wenyewe, sasa walijitokeza.

Vijana wa Tremont

Palibaki magenge ambayo hayakuwa na kamari wala malori. Haya yalikuwa ya wavulana wa miaka kumi na kitu. Mtaa wa Tremont, uliojaa familia za wahamiaji na wazazi wasio na kazi, ulisifika kwa wizi, uharibifu wa mali na mapigano ya vijana wenye mawe na visu.

Polisi wa siku hizo walijua dawa moja tu: kuwakamata, kuwachapa na kuwapeleka katika shule za kurekebisha tabia, ambako wengi walitoka wakiwa wahalifu waliokomaa. Ness, ambaye alikuwa ameyaona mavuno ya malezi ya aina hiyo katika maisha ya Capone, alishika njia nyingine. Wahenga husema samaki mkunje angali mbichi, naye aliona kwamba jiji lilikuwa likisubiri samaki akauke ndipo limkunje kwa nguvu.

Aliimarisha kitengo cha polisi cha kushughulikia watoto. Aliwatuma maafisa wakakutane na viongozi wa magenge, si kuwatia pingu bali kuwauliza wanachokosa. Majibu yalikuwa ya kawaida: mahali pa kucheza, kitu cha kufanya jioni, na kazi.

Jiji, mashirika ya hisani na wafanyabiashara walihimizwa kuchangia viwanja, vifaa vya michezo na nafasi za ajira. Baadhi ya magenge yaligeuzwa kuwa vikosi vya maskauti, na wavulana waliozoea kumtii mbabe wa mtaa wakafunzwa kutii kanuni. Vilianzishwa pia vilabu vilivyojulikana kama miji ya wavulana, ambako vijana walichagua viongozi wao na kushiriki kuamua mambo yao.

Wapo polisi wakongwe waliomcheka. Waliona kwamba mkuu wao amegeuka kuwa mlezi wa watundu. Lakini hesabu ya Ness ilikuwa rahisi. Genge humpa kijana marafiki, jina, ulinzi na pesa kidogo. Anayetaka kijana aliache ni lazima ampe badala yake.

Doa la Kingsbury Run

Ingekuwa rahisi kumaliza hadithi hapa na kumfanya Ness kuwa shujaa asiye na kasoro. Ukweli haukubali.

Katika miaka hiyo hiyo, muuaji asiyejulikana aliitia Cleveland hofu kwa kuwaua watu na kuwakata vipande. Wahanga 12 walihesabiwa rasmi. Wengi walikuwa maskini wasio na makao, na miili ya baadhi yao ilipatikana katika Kingsbury Run, bonde lililopitiwa na reli ambako watu waliofukarishwa na mdororo walikuwa wamejenga vibanda vya mabati na mbao.

Magazeti yalimshinikiza Ness. Wanasiasa walimshinikiza. Usiku wa Agosti 18, 1938, aliongoza msako katika vibanda hivyo. Makumi ya wanaume walitolewa usingizini na kupelekwa kituoni kuchukuliwa alama za vidole. Kisha vibanda vikateketezwa kwa moto.

Hoja yake ilikuwa kwamba vibanda hivyo vilimpa muuaji watu rahisi wa kuwinda, na kwamba alama za vidole zingesaidia kuwatambua wahanga wa baadaye. Lakini wakazi hao hawakuwa na kosa lolote zaidi ya umaskini, na waliachwa bila hata paa la bati. Magazeti yaliyokuwa yakimsifu yalimshutumu vikali. Muuaji hakupatikana hadi leo.

Mtu yule yule aliyewasikiliza wavulana wa Tremont aliwachomea maskini makao yao. Tofauti ilikuwa moja. Kwa vijana wa Tremont alijipa muda wa kuuliza na kusikiliza. Kingsbury Run aliongozwa na kelele za umma zilizotaka kuona kitendo, chochote kile.

Mwisho wa upweke

Nyota ya Ness ilianza kufifia. Ndoa yake ya kwanza, na Edna Stahle, ilivunjika, na ya pili nayo haikudumu. Alikuwa mpenda starehe za usiku, na kachero aliyejenga jina kwa kuvunja mapipa ya pombe akazidi kuizoea chupa.

Machi 1942, akitoka katika starehe usiku wa manane, gari lake liligonga jingine barabarani na dereva wa pili akajeruhiwa. Ness aliondoka bila kusubiri polisi. Lakini nambari ya gari lake, EN-1, ilijulikana na jiji zima. Mkurugenzi aliyesifika kwa kuleta usalama barabarani hakuwa na la kujitetea, na mwezi uliofuata alijiuzulu.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alifanya kazi ya serikali ya kupambana na ukahaba na magonjwa ya zinaa karibu na kambi za wanajeshi. Kisha akaingia katika biashara. Mwaka wa 1947 alirudi Cleveland kugombea umeya, akabwagwa vibaya na Thomas Burke. Wakazi aliowasafishia jiji walikuwa wameshamsahau.

Kampuni alizojiunga nazo hazikustawi. Akiwa na mke wake wa tatu, Elisabeth, na mtoto wao wa kulea, alihamia mji mdogo wa Coudersport, Pennsylvania, akiandamwa na madeni. Huko alishirikiana na mwandishi Oscar Fraley kuandika kitabu kuhusu siku zake za Chicago.

Hakukiona kikiuzwa. Mei 16, 1957, alianguka nyumbani kwake na kufariki kutokana na maradhi ya moyo, akiwa na umri wa miaka 54. Kitabu kilitoka baadaye mwaka huo, kikafuatwa na mfululizo wa televisheni ulioanza 1959 na filamu ya 1987. Umaarufu uliomkimbia akiwa hai ukamfuata kaburini, tena ukiwa umetiwa chumvi. Majivu yake yalitawanywa katika makaburi ya Lake View, Cleveland, mwaka wa 1997, miaka 40 baada ya kifo chake.

Filamu zilimkumbuka Ness wa bunduki na lori la chuma. Hazikuonyesha viwanja vya michezo vya Tremont. Lakini anayetaka kujua jinsi jiji linavyoweza kuyapunguza magenge yake atapata mengi zaidi huko: kata mkondo wa fedha, mwondoe afisa anayelilinda genge kwa siri, kisha mfikie kijana kabla genge halijamfikia. Na anayetaka kujua jinsi vita hivyo vinavyoharibika atazame moshi wa Kingsbury Run, ambako walioteketezewa makao hawakuwa wanachama wa genge lolote.